“Kipindupindu Hakipigi Kura”: Je, Niache Mada Yangu?

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea sayansi ya siasa na utawala katika chuo kikuu kimoja hapa magharibi mwa Kenya. Muhula uliopita nilichagua somo la siasa za majanga ya afya ya umma, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo nikasikia mhadhiri akiyataja mambo niliyokua nikiyaona nyumbani.

Nimelelewa katika mtaa wa mabanda pembezoni mwa mji. Mama yangu ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Kabla ya serikali kuwapa jina hilo pamoja na mikoba mipya, alifanya kazi hiyohiyo miaka mingi kwa kujitolea, na wazee wa mtaa hadi leo humwita nyamrerwa, jina la Kiluo la mhudumu kama yeye. Anahudumia nyumba zipatazo mia moja: huwapima watoto uzito, huwapima watu malaria, na huwakumbusha wajawazito siku za kliniki. Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu, yeye ndiye aliyekuwa akigongewa mlango usiku wa manane. Nilichokishuhudia wakati huo hakijanitoka akilini. Ugonjwa ulikaa upande mmoja wa barabara. Upande wa pili, ambako bomba la maji lilifikishwa msimu wa kampeni, watu walisikia habari zake redioni kama vile habari za nchi nyingine.

Nilimweleza msimamizi wangu kwamba ningependa mradi wangu wa utafiti uhusu siasa za kipindupindu katika mtaa wetu. Alisema mada ni nzuri lakini ni pana kama ziwa, akaniagiza niipunguze na kumrudishia pendekezo kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Mjomba wangu ni tabibu mjini Nakuru, na ndiye anayenijazia karo pale mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, unapoishia. Alipoisikia mada hiyo alicheka, kisha akakasirika. Alisema, “Kipindupindu hakipigi kura. Kinaletwa na maji machafu na kinatibiwa kwa maji yenye chumvi na sukari. Ukitaka kukisoma, hama ukasomee uuguzi au afya ya umma. Ukitaka siasa, ngoja uchaguzi wa 2027 uvae fulana upande lori.” Hajasema ataacha kunilipia, lakini amenyamaza, na ukimya wa mjomba naujua.

Wenzangu wanaosomea afya ya umma nao hawanisaidii. Katika kongamano moja la wanafunzi niliuliza swali nikachanganya idadi ya maambukizi mapya na idadi ya watu wote wanaoishi na ugonjwa, na tangu siku hiyo wananiita “Mheshimiwa”.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Ili nipate pa kuanzia, nililichukua daftari la mama la nyumba anazozihudumia akiwa amelala, nikazipiga picha kurasa zake kwa simu. Daftari hilo lina majina, umri, aliyeharisha, anayetumia dawa za kila siku na aliyekataa chanjo. Mama aliziona picha hizo. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu kwamba watu wale walimfungulia yeye mlango na hawakunifungulia mimi, kisha akautia mkoba wake kufuli. Anahofia pia kwamba nikiandika kuhusu bomba na wanasiasa, jina lake litaondolewa kwenye orodha, na marupurupu yenyewe, ambayo tayari huchelewa, yatakatika kabisa.

Naomba unieleze waziwazi. Je, ninachotaka kukisoma ni elimu, au ni siasa iliyovaa koti jeupe? Nihame kozi? Niiache mada?

Ni mimi,
Mwana wa Nyamrerwa,
Kisumu

JIBU

Mwana wa Nyamrerwa,

Nitaanza na zile picha, ingawa wewe uliziweka mwisho. Zifute leo. Zifute katika simu, katika barua pepe ikiwa ulijitumia, na katika hifadhi ya mtandaoni ambako simu nyingi hupeleka picha bila mwenyewe kujua. Kisha umwambie mama kwamba umezifuta, na umwonyeshe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na hakuna kamati ya maadili ya utafiti katika chuo chochote cha nchi hii itakayokubali majina yaliyopatikana kwa njia hiyo. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwepo, mama yako amekwisha kuisema hoja yenyewe vizuri kuliko nitakavyoweza kuisema mimi.

Wala usidhani kwamba hapo nimetoka nje ya mada yako, kwa maana orodha ya majina ya wagonjwa ni mojawapo ya mambo mazito kabisa katika siasa za afya. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wanaoishi na virusi hivyo. Agizo lilitolewa kwa lengo ambalo wengi wangelisifu, la kuwafikishia huduma. Watetezi wa haki walilipinga mahakamani kwa sababu namna ya kukusanya habari hizo ingemfunganisha kila mtu na hali yake, na Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki ya faragha iliyo katika Katiba. Utaona basi kwamba ulikuwa ukiitafuta siasa ya afya kwenye bomba la jirani, nayo ilikuwa imelala katika simu yako.

Sasa tumrudie mjomba. Kauli yake kwamba kipindupindu hakipigi kura ni kauli ya mtu aliyetibu wagonjwa wengi, na kwa upande wa tiba iko sawa kabisa. Bakteria haiulizi chama cha mtu. Hata hivyo, mpelekee mfano wa Hamburg, mji wa bandari nchini Ujerumani, ambako katika majira ya kiangazi na vuli ya mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600. Mji huo ulipakana na mji mwingine uitwao Altona, uliokuwa chini ya serikali ya Prussia, jimbo jingine la Ujerumani hiyohiyo, na mahali pengine mpaka wao ulipita katikati ya barabara. Miji yote miwili ilikunywa maji ya mto mmoja, Elbe. Tena Altona ilichota chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni, kwa hiyo mtu angetarajia iumie zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba Altona iliyachuja maji yake kwa mchanga, nayo Hamburg haikuyachuja. Kwa miaka mingi watawala wa Hamburg, ambao wengi walikuwa wafanyabiashara na wenye nyumba, walikuwa wamevutana kuhusu gharama ya mtambo wa kuchujia, na ugonjwa ulipoingia walichelewa kuutangaza kwa hofu kwamba bandari ingewekwa karantini na biashara ingekufa. Robert Koch, mwanasayansi aliyetumwa kutoka Berlin, aliuona mpaka huo wa barabarani: upande huu wagonjwa, upande ule wazima. Mwaka uliofuata mtambo ulikuwa umekamilika.

Jambo ambalo ningependa mjomba alitafakari ni hili. Katika Hamburg ya wakati huo haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa mji ilikuwa ya watu wachache wenye uwezo, na ugonjwa uliwaangukia maskini kuliko matajiri. Kipindupindu hakikupiga kura, ni kweli, na wengi wa waliouawa nacho hawakupiga pia. Hivyo ile barabara ya kwenu, yenye bomba upande mmoja, ina ndugu yake wa zamani katika historia, na kuisoma ni elimu yenye umri wa zaidi ya karne moja. Hakuna koti jeupe lililoazimwa hapo.

Wala huna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Koch huyohuyo alikuja kwenye ziwa letu mwaka 1906, katika visiwa vya Ssese upande wa Uganda, wakati ugonjwa wa malale ulipokuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika nchi hiyo. Aliwatibu wagonjwa kwa dawa iliyoitwa Atoxyl, na baadhi yao wakapofuka. Wakati huohuo serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell iliamua kuwahamisha watu kutoka ufukweni ili kuwatenga na mbung’o. Kwa upande mmoja hoja ya kitabibu ilikuwepo, kwa sababu mdudu huyo hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Kwa upande mwingine wavuvi walipoteza ziwa, mashamba na makaburi ya wazee wao kwa uamuzi ambao hawakuulizwa. Vivyo hivyo, mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alizuru miji ya Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali ya Uingereza, na mapendekezo yake, yaliyotolewa kwa jina la usafi na kinga dhidi ya tauni, yalikuwa ya kutenganisha makazi kwa misingi ya rangi. Ukipita leo katika miji yetu ukajiuliza kwa nini mitaa fulani ina mabomba ya tangu jadi na mingine haina, sehemu ya jibu imelala katika karatasi za kipindi kile.

Na kuna hospitali ambayo bila shaka umepita langoni pake mara nyingi. Jina lake rasmi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini mwendeshaji wa bodaboda ukimwambia “Russia” atakufikisha. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti katika miaka ambayo msaada wa aina hiyo ulikuwa tamko la upande uliouchagua katika siasa za dunia. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kuifungua. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, na walinda usalama wakafyatua risasi zilizoua watu. Siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani alichokiongoza Jaramogi, kilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Nimewahi kukutana na wazee ambao kwa miaka mingi hawakutaka kutibiwa hapo. Mtafiti anayechunguza kwa nini watu fulani huchelewa kwenda hospitalini, asiyeijua siku hiyo, anaweza kuhesabu kilomita na nauli akadhani amemaliza.

Nimekaa sana katika historia, nami nakiri ni udhaifu wa mwalimu mstaafu. Lakini nilitaka uone kwamba swali linalofanana katika mifano yote hiyo ni moja: nani aliamua, na nani alibeba matokeo ya uamuzi huo. Ugonjwa wenyewe ni kazi ya mjomba. Uamuzi ndio kazi yako. Ukiweza kukiweka kidole chako juu ya uamuzi mmoja, wenye tarehe, wenye watu waliokuwa chumbani na waliofungiwa nje, mada itakuwa imekwisha kupungua, na msimamizi wako hatalalamika tena kuhusu ukubwa wa ziwa.

Je, uamuzi huo uwe ule wa bomba la mtaani kwenu? Hapa nitakuambia usilolitaka: kwa sasa, hapana. Si kwa sababu jambo hilo halifai kuandikwa. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, hospitali nyingi na huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti, nayo serikali kuu imebaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa, kwa hiyo kuna bajeti, kuna ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuna kumbukumbu za mijadala ya bunge la kaunti, na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inayokupa haki ya kuomba karatasi usizozipata. Mtafiti mwingine angeweza kuuandika utafiti huo vizuri sana. Wewe una tatizo ambalo mtafiti huyo hana. Mtaa ukitajwa, hata kwa jina la kubuni, kila mtu atamjua mwandishi, na akimjua mwandishi atamjua mama yake. Wahamasishaji hawa, ambao ni zaidi ya 100,000 nchini kote, waliahidiwa mwaka 2023 posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mtu anayelipwa na mifuko miwili ana mabwana wawili wa kuwaogopa. Hofu ya mama yako si ujinga wa mtu asiyesoma. Ameusoma mfumo huo kwa miguu yake, nyumba hadi nyumba, na hatari ya mradi wako ingemwangukia yeye hali alama zingeandikwa kwa jina lako. Bomba hilo halitahama. Lisubirishe hadi shahada ya uzamili, na hata wakati huo mama ndiye atakayesema ndiyo au hapana.

Ukikubali, ningekupendekezea uamuzi mwingine, wa hapahapa Kisumu, ambao waliohusika nao walikuwa watu wa hadharani na wengi wao walisema mbele ya vipaza sauti.

Unajua kwamba kaunti za kandokando ya ziwa ndizo zilizoumizwa zaidi na Ukimwi, na kwamba Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, miaka 15 baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini. Baadaye ukafanyika utafiti mjini Kisumu uliohusisha vijana wa kiume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Nusu yao walitahiriwa mara moja na nusu wakasubiri. Desemba 2006 utafiti huo ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Utafiti wa Rakai nchini Uganda ulionyesha vivyo hivyo. Kisayansi, kazi ilikuwa imekwisha. Kisiasa, ilikuwa haijaanza. Jamii ya Waluo, iliyotakiwa kupokea huduma hiyo, haikuwa na desturi ya tohara, na kwa miongo kadhaa kutotahiriwa kulikuwa kumegeuzwa tusi la majukwaani, lililotumiwa kudai kwamba mtu fulani hafai kuongoza nchi. Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, na mapema mwaka 2008, huko Naivasha na Nakuru, wako wanaume Waluo waliotahiriwa kwa nguvu na magenge. Hebu jiweke katika nafasi ya afisa wa afya aliyepaswa, mwaka huohuo, kusimama mbele ya wazee wa Kiluo na kuwaambia kwamba tohara ni kinga. Baraza la wazee lilikuwa na pingamizi. Wanasiasa wa jamii hiyo, akiwemo Raila Odinga ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, walijitokeza kuiunga mkono hadharani wakiieleza kuwa jambo la kitabibu lisilogusa mila, na kufikia Novemba 2008 mpango ulikuwa umeanza katika mkoa wa Nyanza.

Katika miaka hiyo miwili kuna kila kitu unachokitafuta: ushahidi wa kisayansi, fedha za wafadhili, heshima ya jamii, uchaguzi, na maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Magazeti ya wakati ule yapo, taarifa za wizara zipo, na baadhi ya wahusika wangali hai, nao wamezoea kuhojiwa. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kabla ya kumhoji hata mmoja wao. Anza kuvishughulikia mapema, kwa sababu huchukua muda kuliko wanafunzi wanavyodhani.

Kuhusu wenzako wanaokuita Mheshimiwa, wamekukosea adabu lakini hawajakukosoa bure. Mtu anayeandika kuhusu siasa za Ukimwi bila kujua tofauti ya maambukizi mapya na jumla ya wanaoishi na virusi atadanganyika siku ya kwanza atakapoletewa ripoti. Dawa zikifanya kazi vizuri, watu huishi miaka mingi zaidi, na jumla yao yaweza kupanda hata maambukizi mapya yanaposhuka; mwanasiasa anaweza kuitumia namba moja kujisifu na mpinzani wake akaitumia nyingine kumshambulia, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Chukua somo moja la takwimu na moja la epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, muhula ujao. Huna haja ya kuhama kozi kwa ajili ya hilo.

Wala usihame kwa ajili ya mjomba. Kuhama kutoka siasa kwenda uuguzi katika mwaka wa tatu ni kuanza upya, na karo ya miaka hiyo mipya itamwangukia yeyeyule. Hata hivyo ana haki ya kuuliza kazi iko wapi, na usimjibu kwa maneno matamu. Hutaliona tangazo la kazi linalotafuta mtaalamu wa siasa za majanga ya afya. Utaona la afisa wa mipango au wa bajeti katika idara ya afya ya kaunti, la mtafiti katika bunge la kaunti, la mashirika yanayofuatilia matumizi ya fedha za umma. Na ukiongeza shahada ya uzamili katika afya ya umma au sera, milango mingine kama ile ya taasisi za Umoja wa Afrika, ikiwemo Africa CDC, kituo chake cha kudhibiti magonjwa kule Addis Ababa, huanza kuonekana kwa mbali. Ajira za wafadhili usizitegemee peke yake. Januari 2025 agizo lililotiwa saini Washington lilisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na watu waliokuwa wakihudumu katika kliniki za Ukimwi hapa magharibi mwa Kenya wakajikuta nyumbani. Mjomba analijua hilo, kama anavyoujua mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ukadumu siku 100. Ameishi ndani ya siasa za afya maisha yake yote ya kazi; ila hajawahi kusikia zikiitwa somo.

Kwa sababu hiyo usimpigie simu. Panda gari uende Nakuru, ukae naye jioni moja, na umwombe akufundishe. Mwambie unataka kuelewa jinsi Ukimwi ulivyohesabiwa na kutibiwa tangu alipoanza kazi, na umwulize nani alikuwa akiamua dawa zifike wapi. Mtu akiombwa elimu yake ni vigumu kuendelea kununa. Hamburg mtafika baadaye, mkishakula.

Kwa msimamizi wako peleka sentensi moja tu: “Kati ya Desemba 2006, utafiti wa Kisumu uliposimamishwa, na Novemba 2008, mpango wa tohara ulipoanza Nyanza, ni kina nani walihitaji kushawishiwa, nani aliwashawishi, na kwa maneno gani?” Lakini kabla hujampelekea, msomee mama. Ikiwa wakati ule tayari alikuwa akizunguka mtaani kwa kujitolea, basi alikuwa miongoni mwa waliobeba ujumbe huo mlango hadi mlango, na huenda akataka kukusimulia alivyojibiwa. Hayo hayataingia katika mradi. Akianza kusimulia, msikilize, na simu yako iache chumba kingine.